Siku Mbili za Kisu

Nyamizi alikileta ndani ya mfuko wa sukari,
akakiweka kwenye meza yangu ya mihuri,
kati ya wino wa buluu na chupa ya spiriti.
"Wewe unachonga maandishi," akasema. "Nisomee."

Mimi nachonga MHASIBU. Nachonga IMELIPWA.
Nachonga majina ya wenyeviti wa vijiji, Sikonge hadi Uyui,
kinyumenyume, ili kwenye karatasi yakae sawa.
Miaka ishirini na sita hapa Kanyenye
nimezoea dunia inayoanza kwa mgongo wake.
Lakini haya yalikuwa maandishi yanayoshuka,
sisimizi ukutani baada ya mvua,
na sikujua hata moja.

Nilifungua upande wa kushoto, nikakuta mwisho.
Shangazi Msimu, aliyekuja kudai deni la vitumbua,
akakigeuza bila kuuliza, kama anavyogeuza juzuu:
"Kinaanzia kulia, we naye. Hukupita chuoni?"

Basi tukaingia kwa mlango wake.

Milima. Sisi wa Tabora mlima tunausikia redioni.
Milima myembamba, vichuguu vya Urambo vilivyokosa adabu,
ukungu kiunoni, daraja,
na juu ya daraja mtu mdogo kuliko punje ya mtama
amebeba kitu, sijui kinanda, sijui kuni. Hana haraka.

Baba yake Nyamizi alipewa na Mjapani wa visima
mwaka ule walipochimba Igalula siku tisa wakakuta jiwe tu.
Yule bwana alimweleza baba, baba akamweleza binti,
binti akanieleza mimi, kila mmoja akipunguza kidogo:
kwamba mchoraji hakufika Uchina maisha yake.
Aliijua milima hiyo kwa michoro iliyoshushwa na meli Nagasaki,
akaipenda, akaichora
kama mtu anayemsifu bibi harusi aliyemwona pichani.
Kisha mwingine akaichonga kwenye ubao,
na mwingine akaipaka wino, akaigandamiza.
Mlima umepita mikono mingapi
mpaka kufika kwenye mfuko wa sukari?

Kusoma sikuweza. Lakini kisu nakijua.

Tazama mwamba huu, nikamwambia.
Hapa brashi ilikuwa imekauka, ikakwaruza,
ikaacha weupe katikati ya weusi.
Mchoraji alivuta pumzi moja, basi.
Sasa yule mchongaji, chuma mkononi,
amefuata kila unywele wa ile brashi,
akachimba pembeni, akabakiza uzi,
siku mbili, labda tatu,
ili pumzi ya mwenzake isikatike.
Na hapa, kwenye bawa la ndege, mkono uliteleza.
Kidogo. Nami huteleza hapo hapo, kwenye mkunjo wa S.
Na hii mistari ya angani si mvua.
Ni mti wenyewe, nyuzi zake, umejipiga chapa.

Bungua naye kapita: tundu moja, jembamba,
kutoka jalada hadi jalada, mlima kwa mlima,
bila kukutana na jiwe.
"Huyu wangemwajiri visimani," Nyamizi akacheka,
halafu akanyamaza, akafuta jicho kwa ncha ya khanga.

Ukurasa wa mwisho una muhuri mwekundu.
Kumbe huo ndio uliomleta: mnunuzi wa Dar anasema
bila jina la mwenye kazi kitabu hakina bei.
Kando ya muhuri kuna safu mbili, moja nene, moja ndogo.
Nene itakuwa ya mchoraji.
Ndogo, natamani iwe ya yule mwingine.
Huenda ni bei. Huenda ni anwani ya duka.

Akakirudisha mfukoni. Hakusema atauza au la.

Usiku ule nilitafuta kipande cha mninga,
nikachonga tangi la maji la stesheni,
nikalipaka masizi ya koroboi,
nikasugua karatasi kwa mgongo wa kijiko.
Limetoka limepinda, kama limelewa.
Ila angani, ambako sikuchonga kitu,
mninga umeweka mvua.